Umeme Ukikatika, Vaa Plagi Shingoni

Kijana niliyempiga fimbo ya mgongo wiki iliyopita, pale kwenye mashine za kukamua mafuta ya pamba hapa Bariadi, sitamwomba radhi. Watu watatu wamekuja nyumbani kunieleza kwamba mzee wa umri wangu hapigi watu hadharani, na mmoja wao ni mwinjilisti wa kanisani kwetu. Vijana wenzake walinipiga picha kwa simu, na nasikia nimezunguka mji mzima nikiwa nimeinua fimbo juu kama mchunga ng'ombe. Sawa, nizungusheni. Lakini mmenicheka bila kujua sababu, kwa hiyo sababu naiandika hapa. Mkimaliza kusoma mtaona kuwa fimbo ile nilistahili kupigwa mimi, tena miaka mingi iliyopita.

Nilikuwa nimefuata mashudu ya ng'ombe wangu. Umeme ulikuwa umekatika na mashine zote zimenyamaza. Nikamkuta kijana amelala kifudifudi, mkono umeingia kwenye koo la mashine hadi kwapani, anachokonoa mbegu zilizokwama.

"Umezima?" nikamuuliza.

"Guku, umeme hamna," akasema, akiniita babu.

"Sikukuuliza habari za umeme. Swichi umezima?"

"Guku naye! Punguza presha. Wakikata saa hizi ni mpaka jioni."

Hapo ndipo nilipompiga. Kama mnafikiri nilikasirishwa na majibu yake, hamjanielewa. Nilikasirika kwa sababu maneno yale nayajua. Niliwahi kuyasema moyoni mwangu mwenyewe, karibu neno kwa neno, siku mkono wa shemeji yangu Doto ulipokatika.

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Niliingia wakati wa ushirika, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na tai shingoni. Tai hiyo haikumaliza siku moja. Fundi mkuu wetu, Mzee Ng'wandu, alinisalimia vizuri, "Mwangaluka," nikamwitikia, akanizunguka mara moja kama anayekagua fahali mnadani. Kisha akachukua mkasi wa kukatia nyuzi za marobota na kuikata tai yangu chini kidogo tu ya fundo.

"Mzee, hii tai ni ya baba!" nikapiga kelele.

"Basi mpelekee baba kipande, na shingo yako mpelekee nzima," akasema, akaenda zake.

Wanawake waliokuwa wakishona magunia walicheka hadi wakakaa chini. Nilimchukia mzee yule kwa wiki mbili. Baadaye nilielewa kwamba kwenye chumba chenye mikanda inayozunguka, kitu chochote kinachoning'inia mwilini ni kamba ya kukuvutia ndani.

Ng'wandu hakuwa amesoma, lakini alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mhandisi aliyeishinda. Anayeingiza mkono kwenye mashine kwanza anachomoa fyuzi yake na kutembea nayo mwilini. Hampi mwenzake amshikie wala haiachi mezani. Inakaa mfukoni, na shati kama halina mfuko inakaa kwenye soksi. Akimkuta mtu anasafisha mashine, Ng'wandu alikuwa anamwambia, "Nionyeshe." Asipoionyesha, siku hiyo anarudi nyumbani.

Kisha soko la pamba likafunguliwa. Ninyi mliozaliwa juzi mnaona ni kawaida wanunuzi wengi kugombania pamba ya mkulima mmoja, lakini kwetu ilikuwa kama mlango umevunjwa. Kiwanda kikapata tajiri mpya. Magari yakawa yanaingia usiku na mchana. Kila mnunuzi aliogopa mwenzake atamwahi, kwa hiyo walichukua kila kitu: pamba chafu, pamba yenye mchanga, pamba iliyomwagiwa maji ili iwe nzito. Na maji yale yote yalikuja kuishia kwetu, ndani ya mashine.

Tajiri hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa haraka. Msimu wake wa kwanza alileta kontena la mitumba kutoka Ulaya. Ndani yake mlikuwa na mafriji, mafeni, baiskeli, na mashine moja nyekundu ya umeme, yenye magurudumu mawili, mdomo mpana uliojaa mapanga ya kuzunguka, na bomba lililopinda juu kama shingo ya bata. Ubavuni ilichorwa picha ya mtu aliyevaa kofia ya kufunika masikio, anaisukuma, na bomba linarusha kitu cheupe.

Doto aliitazama picha ile muda mrefu. Alikuwa amemuoa dada yangu Kabula, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi pale.

"Shemeji, wewe umesoma. Huko kwao pamba inaanguka kutoka mbinguni?"

"Hiyo ni theluji. Barafu laini. Inajaa barabarani, wanairusha pembeni kwa mashine."

"Wanairusha, halafu wanaipeleka wapi?"

"Hawaipeleki popote. Inayeyuka."

"Yaani wamenunua mashine ya kuhamisha kitu kitakachoondoka chenyewe!" Doto akacheka, akaipiga mashine kofi la mgongoni. "Maskini. Kaa hapa kwetu, utapata kazi ya maana."

Na kweli ilipata. Mbegu zikitoka kwenye uchambuaji zilikuwa zinarundikana uani, na ilibidi watu wazipandishe kwa makarai hadi kwenye ghala la mbegu, juu ya ukuta wa kimo cha mtu. Mbegu ya pamba ina manyoya, inashikana. Tukaijaribu mashine ya theluji. Ikazimeza kwa mdomo na kuzitema juu ya ukuta, kama mvua ya kahawia, na watu wakapiga vigelegele. Tuliipa jina la Ndama kwa sababu kila ilipokwenda ilikuwa na kamba yake, yaani waya mrefu uliotoka kwenye soketi ya stoo.

Ilikuja na kijitabu, na kurasa chache zilikuwa za Kiingereza. Mimi ndiye niliyekisoma. Naomba mkumbuke hilo, kwa sababu sitaki mje kuniombea udhuru wa ujinga. Nilikisoma mbele ya watu, nikitafsiri kwa sauti ya mwalimu. Kilisema usiitumie kwenye majimaji. Kilisema waya ukae nyuma yako, upite begani, usiwe mbele ya mdomo hata mara moja. Kilisema ikikwama, zima, chomoa waya ukutani, ngoja mapanga yasimame kabisa, kisha tumia kijiti, kamwe usitumie mkono. Na kilisema kile kishikio cha kuwashia, ambacho lazima ukibane muda wote mashine ikizunguka, usikifunge kwa chochote. Ukikiachia, mashine inazima. Kimewekwa kwa ajili ya siku utakayoteleza.

Ng'wandu alisikiliza hadi mwisho. "Aliyeandika hicho kitabu ameshaona damu," akasema. Kisha akatafsiri kwa namna yake. Ndama haikuwa na fyuzi ya kuchomoa, kwa hiyo alichukua plagi, akaivuta na waya wake wote kutoka stoo hadi uani, akaivaa shingoni kama mkufu, ndipo akainama kwenye mdomo wa mashine. Akatuzungukia mmoja mmoja tufanye vilevile. Kuanzia siku hiyo, anayemsafisha Ndama alikuwa anavaa plagi shingoni. Wanawake wa magunia walituita mabibi harusi. Tulivumilia.

Mwaka uliofuata wazee wa ushirika walipunguzwa kazi, Ng'wandu akiwa wa kwanza. Tajiri alimuona anachelewesha. Nafasi yake nikapewa mimi, na niliipokea kwa mikono miwili. Sikumtetea hata kwa neno moja. Alipokuja kuaga aliniambia, "Uliyekuwa unaniogopa mimi, sasa ogopa mashine." Nikamjibu, "Ndiyo, mzee," huku nikitazama saa.

Sasa nieleze nilivyoua kila kilichotulinda, kimoja kimoja, bila mtu kunilazimisha.

Kwanza kishikio. Kukibana kutwa nzima kunauma vidole, na vijana walikuwa wanalalamika. Nikachukua kipande cha mpira wa baiskeli, nikakifunga kishikio kikabaki kimebanwa daima. Walinishukuru. Nilijiona mbunifu.

Pili waya. Ule wa asili ulikatwa na gurudumu la lori, nikauunga na mwingine mwembamba niliouokota ofisini. Waya mwembamba unaosukuma mota nzito unapata joto. Shika plagi yako kwa mgongo wa kidole baada ya nusu saa ya kazi. Ikikuchoma, simama, hapo tayari pana tatizo. Mimi niliishika, ikanichoma, nikapuliza kidole na kuendelea. Baada ya siku chache plagi ikayeyuka.

Tatu ndiyo inayonitoa machozi ya hasira hadi leo. Wakati wa ushirika kupata plagi ilikuwa shida. Ng'wandu aliwahi kuitunza moja kwenye kitambaa kama dawa. Lakini huu ulikuwa wakati wa soko huria. Duka la vifaa vya umeme lilikuwa ng'ambo ya barabara, plagi zimening'inizwa mlangoni kwa mafungu, za rangi mbili. Sikuvuka barabara. Nilimenya ncha za waya kwa meno, nikaziingiza kwenye tundu za soketi, nikazikaza kwa njiti za kiberiti. Ninyi mnaofanya hivyo kuchaji simu zenu, nawaona.

Doto alikuja, akakuta njiti. "Shemeji, plagi iko wapi? Nitavaa nini shingoni?"

"Kuna swichi hapa ukutani. Ikikwama, utaniita, nitazima."

"Kwa hiyo wewe ndiye plagi yangu?"

"Mimi ndiye plagi yako."

Akacheka, akaondoka. Alikuwa ananiamini, nilikuwa kaka wa mkewe.

Siku yenyewe mbegu zilikuwa zimelowa. Ukisikia mota imebadilisha mlio, imeanza kukoroma kama ng'ombe aliyemeza kitambaa, achia kishikio, isubiri, ondoa kilichokwama. Doto hakuwa na kishikio cha kuachia, kwa sababu nilikifunga. Alikuwa anaisukuma hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gunia mlangoni mwa stoo, nabishana na dereva wa lori aliyedai amengojeshwa tangu asubuhi. Swichi ilikuwa nyuma yangu, hatua kumi. Nilikuja kuzihesabu baadaye.

Umeme ukakatika. Ndama akanyamaza, mdomo umejaa. Doto akapaza sauti kutoka uani:

"Umezima?"

Dereva alikuwa ananinyooshea kidole usoni. Siku zile umeme ukikatika mchana tulikuwa tunasahau habari zake hadi jioni. Nikawaza, nizime nini wakati hakuna umeme? Nikamjibu bila kugeuza shingo:

"Nimezima!"

Kijiti cha kuchokolea nilikuwa nimekiona asubuhi kimevunjika. Sikutafuta kingine. Doto akaingiza mkono wa kulia.

Sikuwa nimemaliza sentensi niliyokuwa namwambia dereva. Taa ya stoo ikawaka juu ya kichwa changu, na uani Ndama akaanza kunguruma peke yake, bila mtu kumbana kishikio. Kisha nikasikia sauti ya Doto. Zile hatua kumi nilizipiga kwa muda ambao hata sikuuona. Nilizima. Safari hii nilizima kweli.

Mkono uliishia kwenye kifundo. Tulimfunga kwa kitambaa cha gunia, na lori la yule dereva ndilo lililompeleka hospitali. Dereva hakudai tena kwamba amengojeshwa.

Mngedhani mtu aliyeona hayo anapiga magoti papo hapo. Mimi nilirudi kiwandani, nikachukua kisu, nikakata ule mpira wa baiskeli. Nikang'oa njiti. Nikavuka barabara, nikanunua plagi, nikaifunga. Kazi yote hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Tajiri aliponitaka niandike ripoti, niliandika kwa Kiingereza safi, kwa mwandiko ulionipatia sifa shuleni, kwamba mfanyakazi alianza kusafisha mashine bila kumuuliza msimamizi.

Doto aliwaambia watu ukweli. Aliwaambia kitandani hospitalini, akawaambia kiwandani alipokuja kuchukua vitu vyake: "Nilimuuliza, akasema amezima." Nani angemwamini? Mwenye karatasi nilikuwa mimi. Dada yangu Kabula mwenyewe hakumwamini. Waliporudi kwao Migato kulima, kila mara plau ilipomshinda, maana plau ya ng'ombe inataka mikono miwili, Kabula alikuwa anamwambia, "Ungemuuliza kaka yangu siku ile, tusingekuwa hapa." Nilikuwepo siku moja akiyasema hayo. Nilikuwa nakula ugali wao. Niliendelea kula.

Mpo mtakaosema kosa ni la soko huria, au la tajiri, au la waliorudisha umeme bila kengele. Nimejaribu njia hizo zote. Hakuna aliyeniambia nisivuke barabara. Hakuna aliyeniambia niseme nimezima.

Nilikwenda kuungama nikiwa nimeshastaafu, baada ya miaka mingi kuliko ninavyotaka kuandika. Niliwakuta Migato, Doto na Kabula, pamoja na binti yao Milembe ambaye sasa anafuga ng'ombe wa maziwa. Nikasalimia, "Mwadila," tukaketi uani, nikasema yote. Nilisema swichi, mpira, njiti, ripoti.

Kabula alinitazama hadi mwisho. Hakulia. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na hadi naondoka siku ile hakutoka. Hadi leo, nikienda kwao, chakula changu ananiletea Milembe.

Doto yeye alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Shemeji, ulikuja kuniambia kitu nisichokijua? Mkono ndio uliokatika. Masikio yalibaki."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani, ili nipate usingizi. Nilichokuwa bado nakudai ni hiki ulichomwambia leo dada yako. Wabeja, asante."

Tukakaa. Milembe alikuwa na mashine yake ya umeme ya kukatia majani ya ng'ombe, pale pale kibandani, yenye mapanga na bomba la kurushia. Ukiitazama vizuri ni ndugu wa Ndama. Jioni ile alikuwa amekwenda kunywesha ng'ombe, na Doto akawa anaendesha yeye, anasukuma mabua ya mahindi kwa mti alioufunga kamba kwenye mguu wa mashine ili usipotee. Bua moja bichi likajisokota, mota ikakoroma, ikakwama.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ukuta. Swichi ilikuwa usawa wa bega langu.

Doto akaniangalia. "Umezima?"

Niliigeukia, nikaibonyeza kwa kidole, nikaitazama imekaa chini. Nikahakikisha mara ya pili.

"Nimezima."

Hakuinama. Kisha akaacha mashine, akaja hadi nilipo, akapita mbele yangu bila kunigusa. Akaiangalia swichi. Akaishika plagi kwa mkono wa kushoto, akaichomoa ukutani, akavuta waya wote taratibu hadi kibandani, na kwa mkono ule mmoja akaivaa shingoni. Ndipo akangoja mapanga yatulie, akachukua mti wake, akainama.

Nilikuwa nimezima kweli. Na alifanya sawasawa kutoniamini.

Kwa hiyo wewe kijana uliyepigwa fimbo, uvimbe ukiisha rudi kazini. Ukinikuta nimesimama karibu na swichi yako, na ukaniuliza, na mimi nikakuambia kwa mvi zangu hizi kwamba nimezima, usinishukuru. Nenda ukaangalie mwenyewe.